Fainali ya dunia ya snuka 2025: hizo namba za 7–1, 11–6 na 17–8 zinasomwaje?

KonaYaKijani

Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua snuka kwa undani. Pool naielewa vizuri: nyeusi ikiingia kihalali mchezo umekwisha, mwingine aweke sarafu. Snuka ni habari nyingine.

Matokeo ya fainali ya dunia ya 2025 kule Sheffield yameandikwa Zhao Xintong 18–12 Mark Williams, na chini yake kuna 7–1, 11–6, 17–8. Hizo tatu za chini ni mechi tofauti au ni nini? Nusu fainali ya Zhao na Ronnie O'Sullivan imeandikwa 4–4, 12–4, 17–7 halafu basi, wakati ile ya Williams na Judd Trump (17–14) ina vipindi vinne. Je, O'Sullivan alijitoa?

Halafu fremu nyingi (fremu ni mchezo mmoja kamili wa mezani) zinaisha huku mezani bado kuna mipira, mchezaji anampa mwenzake mkono na kwenda kukaa. Anajuaje kwamba ameshashindwa? Na la mwisho: kila mahali wanasema Zhao alikuwa mchezaji wa ridhaa. Wa ridhaa anaingiaje mashindano ya kulipwa mpaka anabeba kombe?

FremuYaMwisho

Karibu mkuu. Hakuna aliyejitoa, na hizo si mechi tofauti. Ni hesabu moja inayojumlishwa kuanzia mwanzo wa mechi, ikaandikwa kila kipindi kinapofungwa.

Fainali ni fremu 35 kwa ukomo wake, anayetangulia kufikisha 18 ndiye bingwa. Fremu hizo zimegawanywa vipindi vinne ndani ya siku mbili: 8 mchana na 9 usiku siku ya kwanza, kisha 8 mchana na 10 usiku siku ya pili. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 4 na 5 Mei. Sasa pima namba zako: 7 na 1 ni 8, 11 na 6 ni 17, 17 na 8 ni 25. Zinaangukia palepale vipindi vinapofungwa.

Ukitaka kujua kilichotokea ndani ya kipindi chenyewe, toa namba ya kipindi kilichotangulia. Ukifanya hivyo utaona jambo ambalo 18–12 peke yake inalificha. Kipindi cha kwanza Zhao 7–1. Cha pili Williams alishinda 5–4. Cha tatu Zhao 6–2. Cha nne Williams tena, 4–1, mpaka Zhao alipopata fremu moja aliyokuwa anaihitaji. Yaani Williams alishinda vipindi viwili kati ya vinne na bado kombe likaenda kwa mwenzake, kwa sababu pengo la fremu sita lilifunguka mchana wa siku ya kwanza na halikuzibika. Mimi nasema fainali ile iliamuliwa kabla jua la Jumapili halijazama, na zilizofuata zilikuwa za kukimbiza deni.

Nusu fainali ni fremu 33, anayefika 17 amepita. Vipindi vyake ni 8, 8, 8 na 9. Zhao na O'Sullivan walimaliza cha kwanza 4–4. Cha pili Zhao akachukua fremu zote nane: 12–4. Cha tatu akashinda 5–3, ikawa 17–7. Hiyo ni fremu ya 24, ile ya kufungia kipindi cha tatu. Cha nne hakikuwa na kitu cha kuchezewa, kikafutwa. Ndiyo maana hukukiona.

Raundi nyingine, uzijue kabisa: raundi ya kwanza ni fremu 19 (anayefika 10), vipindi vya 9 na 10. Raundi ya pili na robo fainali ni fremu 25 (anayefika 13), vipindi vya 8, 8 na 9. Ukikuta jumla haifiki idadi ya kipindi, mfano 4–3 mahali palipotakiwa kuwa na fremu nane, usidhani ni kosa la uchapaji. Mpaka robo fainali Crucible, ukumbi wa Sheffield yanakochezwa mashindano haya, ina meza mbili zilizotenganishwa na ukuta mwepesi, na kila meza ina ratiba ya mechi inayofuata. Fremu zikiwa ndefu mno, wachezaji hutolewa kabla ya kumaliza idadi, na zilizobaki huongezwa kwenye kipindi chao kinachofuata.

HesabuZaMeza

Nichukue hilo la kupeana mkono, maana ndilo linalowachanganya wengi waliotoka kwenye pool.

Nyekundu ni 15, kila moja pointi 1. Za rangi: njano 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, pinki 6, nyeusi 7. Kila ukiingiza nyekundu unaruhusiwa rangi moja, na rangi hiyo hurudishwa mezani muda wote nyekundu zikiwepo. Kwa hiyo nyekundu moja iliyobaki ina thamani ya juu kabisa ya 8, yaani 1 na nyeusi 7. Nyekundu zikiisha, rangi huingizwa kwa mpangilio kuanzia njano hadi nyeusi, na jumla yake ni 27.

Kanuni ya kubeba kichwani: zidisha nyekundu zilizobaki kwa 8, ongeza 27. Nyekundu tatu ni 24 na 27, yaani 51. Moja ni 35. Zote 15 ni 120 na 27, ndiyo 147 unayoisikia ikisemwa. Nyekundu zikiisha, hesabu inashuka hivi: 27, njano ikiingia 25, kijani ikiingia 22, kahawia 18, bluu 13, na mwisho nyeusi peke yake 7.

Mchezaji aliye nyuma analinganisha pengo na kilichobaki mezani. Pengo likiwa dogo au sawa, anacheza. Likizidi, kuingiza mipira pekee hakutamwokoa. Inabidi mpinzani afanye faulo. Faulo ya chini kabisa ni pointi 4, na inapanda kufuata thamani ya mpira uliohusika mpaka 7 kwa nyeusi. Akiwa nyuma kwa 38 na imebaki nyekundu moja (35), anahitaji faulo moja, na wengi huendelea: wanauficha mweupe (mpira unaopigwa kwa fimbo) nyuma ya rangi, mpinzani aukose mpira halali, yaani ule anaopaswa kuugusa kwanza. Akihitaji faulo tatu au nne mipira ikiwa wazi mezani, anatoa mkono. Na kukubali kushindwa kunaruhusiwa tu ikiwa ni zamu yake mezani, si akiwa kitini.

Mfano mzuri wa hesabu hii ni fremu ya 35 ya fainali ya 1985. Steve Davis alikuwa mbele ya Dennis Taylor 62–44, mezani zimebaki kahawia, bluu, pinki na nyeusi. Jumla 22, pengo 18. Kwa hiyo Taylor alikuwa hai bila kuhitaji faulo yoyote, ila alitakiwa kuingiza zote nne, hata moja isimponyoke. Aliingiza zote: 66–62, na mechi 18–17. Davis alikuwa ameanza fainali hiyo kwa 8–0.

Mpinzani akipiga faulo na kukuacha mweupe umefichwa, ukilazimisha kwa kupiga na kukosa tena, mwamuzi anaita kosa la kukosa na mipira inarudishwa, hivyo pointi zinaweza kuchumwa nyingi mahali pamoja.

KonaYaKijani

Nashukuru sana wakuu, hiyo ya kutoa kipindi kwa kipindi imenifungua macho. Swali juu ya swali: pengo likiwa 35 kamili na nyekundu ni moja, akaingiza zote, si wanakuwa sawa?

HesabuZaMeza

Wanakuwa sawa, na fremu haina sare. Nyeusi inarudishwa kwenye alama yake, inarushwa sarafu, aliyeshinda anachagua nani aanze, na mweupe unawekwa popote ndani ya nusu duara la kuanzia. Hapo pointi ya kwanza au faulo ya kwanza inamaliza fremu. Anayeanza kwa kawaida hapigi kuingiza. Anaibana nyeusi kwenye kingo ya mbali na kurudisha mweupe juu.

MwamuziWaPili

Ndugu HesabuZaMeza, maelezo yako ni safi, ila aya yako ya mwisho kuhusu kosa la kukosa inahitaji kunyooshwa, isije ikampotosha mwenye uzi.

Mipira hurudishwa pale mwamuzi anapoona mchezaji hakujitahidi vya kutosha kuufikia mpira halali, na ni mpinzani anayechagua: irudishwe mwenzake apige tena, au yeye acheze ilivyo, au mwenzake apige kutoka pale mweupe uliposimama. Kila kosa linaongeza pointi. Lakini kosa hilo haliitwi ikiwa mmoja wao tayari anahitaji faulo ili kushinda, iwe kabla ya pigo au kutokana na pigo hilo lenyewe, mradi mwamuzi ameridhika kwamba hakukosa makusudi. Kwa hiyo yule aliye nyuma kwa 38 na nyekundu moja hawezi kutegemea kuchuma faulo tano mfululizo mahali pamoja. Anapata 4 zake, basi, na mpira unaendelea.

Tena kuna mtego mwingine. Kama mpira halali unaonekana wote kwa njia iliyonyooka, ukaukosa mara mbili, mwamuzi anakuonya. Mara ya tatu umepoteza fremu, hata ungekuwa unaongoza kwa pointi 60.

Na faulo ikikuacha umezibwa, unapewa mpira huru: unataja rangi yoyote ihesabike kama nyekundu, unapata 1, kisha rangi yako. Hiyo ni hadi pointi 8 za ziada zisizokuwemo kwenye hesabu ya mezani. Ndiyo maana wachezaji hawaondoki haraka wakihitaji faulo moja tu.

HesabuZaMeza

Umesema kweli, nilichanganya hali mbili. Mwenye uzi ashike maelezo ya MwamuziWaPili.

RatibaYaCrucible

Hilo la ridhaa bado halijajibiwa.

Crucible wanacheza watu 32. Kumi na sita wanaingia moja kwa moja: bingwa mtetezi na wa juu kwenye orodha ya ubora. Kumi na sita wengine wanatoka kwenye mchujo unaochezwa hapohapo Sheffield, na mlango wa mchujo haujafungwa kwa wa ridhaa. Zhao hakuwa mgeni wa mchezo huu. Alishinda ubingwa wa Uingereza wa 2021 kwa kumfunga Luca Brecel 10–5. Mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa Wachina kumi walioadhibiwa katika kesi ya kupanga matokeo. Yeye alikubali kosa la kuhusika katika upangaji uliofanywa na mchezaji mwingine kwenye mechi mbili, na la kuweka dau kwenye snuka, akafungiwa miezi 20. Kifungo kiliisha tarehe 1 Septemba 2024. Akarudi kupitia Q Tour, ngazi iliyo chini ya mashindano makuu, na huko akapata kadi ya kulipwa, yaani haki ya kucheza kama mchezaji wa kulipwa, lakini ya kuanzia msimu wa 2025/26. Mashindano ya dunia yanafunga msimu, kwa hiyo mwezi Aprili 2025 bado aliandikwa ridhaa.

Ilimbidi ashinde mechi nne za mchujo, kila moja ya fremu 19. Kisha ndani ya Crucible: Jak Jones 10–4, Lei Peifan 13–10, Chris Wakelin 13–5, O'Sullivan 17–7, Williams 18–12. Angalia hao wawili wa kwanza. Jones ndiye aliyekuwa mshindi wa pili wa 2024, na Lei ndiye aliyemtoa bingwa mtetezi, Kyren Wilson, 10–9 katika raundi ya kwanza. Kwa Zhao zilikuwa mechi tisa, fremu 111 za kushinda. Ni wa tatu kutoka mchujo kutwaa ubingwa Crucible, baada ya Terry Griffiths mwaka 1979 na Shaun Murphy mwaka 2005, na ni Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia.

Kwa upande wa Williams, fuata njia yake ndipo utaelewa ile 7–1: Wu Yize 10–8, Hossein Vafaei 13–10, John Higgins 13–12, Trump 17–14. Jumla fremu 97 kabla ya fainali, Zhao 79 tu ndani ya ukumbi huohuo. Mtu wa miaka 50, mkubwa kuliko wote waliowahi kufika fainali pale, ameingia akiwa na fremu 18 zaidi mgongoni. Hata hivyo nasita kusema uchovu ndio uliomwangusha, maana kipindi cha mwisho alikishinda. Ninavyoona mimi, Zhao alikuwa anaingiza mipira ya mbali kwa kiwango ambacho mchezo wa kujihami wa Williams haukupata nafasi ya kufanya kazi.

Zawadi ya bingwa ilikuwa pauni 500,000 na ya mshindi wa pili 200,000. Orodha ya ubora wa dunia inapangwa kwa fedha za zawadi za miaka miwili, ndiyo maana Zhao aliuanza msimu uliofuata akiwa nafasi ya 11.

KonaYaKijani

Nimeelewa kabisa. Kuna Mwafrika aliyewahi kufika fainali hiyo? Na saa zao zinalinganaje na za kwetu?

FremuYaMwisho

Yupo: Perrie Mans wa Afrika Kusini, mwaka 1978, alifungwa na Ray Reardon 25–18. Wakati ule fainali ilikuwa ya fremu 49, usishangae hiyo 25.

Saa: mwezi Aprili na Mei Uingereza iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili. Vipindi vya kawaida huanza saa sita mchana, saa kumi na nusu jioni na saa tatu usiku kwa saa zetu. Fainali ina viwili kwa siku, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Baada ya fremu nne huwa kuna mapumziko mafupi, kwa hiyo ukiwasha ukakuta meza tupu dakika za katikati, subiri, kipindi bado hakijaisha.