Naombeni ushauri: vipindi vya watoto makumbusho, nianzie wapi baada ya safari ya kwanza kuharibika?

MamaWatatu
Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Nina watoto watatu, mkubwa wa kiume ana miaka 13, wa kati wa kike 8, mdogo wa kiume 4. Wiki mbili zilizopita mimi na baba yao tuliwapeleka makumbusho ya hapa karibu kwa mara ya kwanza. Niliisubiri hiyo siku kwa hamu sana maana mimi mwenyewe nilipelekwa mara moja tu nikiwa darasa la sita, tukapitishwa mstari mmoja mbiombio na sikuambulia kitu, nikasema wanangu lazima wapate tofauti.

Jamani haikuwa hivyo. Kuna vyumba kumi na moja na tulitaka tuvimalize vyote. Mdogo alipoona mifupa ya tembo imesimamishwa pale mlangoni alilia mpaka baba yake akatoka naye nje, mkubwa akakaa kwenye benchi na simu yake, wa kati ndo akaganda kwenye kabati moja la vioo lenye komeo la mbao la zamani na ufunguo wake mkubwa wenye meno, ikabidi nimvute mkono maana bado tulikuwa na vyumba saba. Baada ya saa moja na nusu wote wamechoka, baba yao kanuna, tukarudi nyumbani kimya.

Sasa wakati tunatoka nilichukua karatasi ya ratiba pale mapokezi. Kumbe kila Jumamosi kuna vipindi vya familia! Kuna kufinyanga udongo, kuna watoto kuchimbua vitu kwenye boksi la mchanga kama wanaakiolojia, kuna hadithi za asubuhi kwa wadogo, kuna klabu ya vijana, na mara moja kwa mwaka watoto wanalala humo ndani usiku mmoja pamoja na mzazi. Nianze na kipi? Niwapeleke wote au niwagawe? Baba yao anasema harudi tena. Naombeni msaada wenu kwa mwenye uzoefu.

chausiku_k
Pole sana mama. Na sisi ilitutokea hivyohivyo. Mimi siku hizi nikifika cha kwanza nauliza choo kiko wapi na pa kukaa pako wapi, na watoto wanakuwa wameshakula kabla hatujaingia. Dakika arobaini tunatoka hata kama hatujafika nusu. Wakitoka bado wanataka, kurudi kunakuwa rahisi.

Mwl_Mstaafu
MamaWatatu, nimepeleka madarasa makumbusho kwa miaka mingi na nitakwambia ukweli, watoto wako hawana tatizo lolote. Hata watu wazima wanachoka. Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston, Marekani, aliliandikia jambo hili mwaka 1916 akaliita uchovu wa makumbusho, akapiga picha mtu akiinama, akichuchumaa na kunyoosha shingo ili aone vitu kwenye makabati, ujue mwili unafanya kazi kubwa pale hata kama unaonekana umesimama tu. Sasa fikiria mtoto wa miaka minne ambaye makabati mengi yako juu ya kichwa chake.

Mimi darasa langu nililipeleka kuona vitu vitatu. Vitatu tu. Walimu wenzangu walilalamika kwamba tunapoteza safari, lakini watoto wangu mwezi mzima baadaye bado walikuwa wanaviongelea vile vitatu, na hao waliotembezwa jengo zima ukiwauliza wanakwambia kulikuwa na vitu vingi.

Na kuna kitu umekisema kwa kupita tu ila mimi kimenishika. Binti yako alisimama mwenyewe kwenye komeo la mbao. Hakuna aliyemwambia asimame. Pale ndo pa kuanzia, rudi naye kwenye hilo komeo.

Kivuli77
Mi naona mnahangaika bure, kila kitu kiko YouTube sasa hivi, tena mtoto anaweza kusimamisha na kurudia. Alafu makumbusho ni sehemu ya kutulia, mtoto ambaye hawezi kukaa kimya asubiri akue.

chausiku_k
@Kivuli77 kaka nakuelewa ila nyangumi bluu anaweza kufika karibu mita 30, kwenye simu yako ana urefu wa kidole. Mwanangu aliposimama chini ya taya la nyangumi akanyamaza mwenyewe bila mtu kumwambia. Ile video alishaiona mara kumi na hakuwahi kunyamaza.

Nyuma_ya_Kabati
Nimejitolea kitengo cha elimu cha makumbusho moja kwa miaka minne kwa hiyo ngoja niseme ninachokijua, itakuwa ndefu mnisamehe.

Kwanza dada, kabla hujaenda tena piga simu uombe kuongea na kitengo cha elimu, usiishie mapokezi. Mapokezi wanajua saa za kufungua na ada, kitengo cha elimu ndo wanajua kipindi kipi kinafaa mtoto gani. Waulize: mtoto atashika nini kwa mikono yake? Kama jibu ni kwamba atasikiliza maelezo alafu atapaka rangi karatasi, basi hicho mwekee mwishoni. Makumbusho nyingi zina boksi la vitu vya kushika, vingine ni nakala, vingine ni vitu halisi ambavyo viko vingi au vimevunjika kidogo kwa hiyo vimetengwa kwa ajili ya kufundishia. Hilo boksi mara nyingi liko stoo, halitolewi mpaka mtu aliulizie.

Uliza pia kama wana saa za utulivu, yaani muda ambao watu ni wachache, sauti za maonyesho zimepunguzwa. Ziliwekwa hasa kwa ajili ya watoto wenye usonji na wale wanaosumbuliwa na kelele lakini kwa mtoto muoga wa miaka minne zinasaidia sana.

La pili, waelezeni watoto SABABU ya kutogusa. Ukimwambia tu usiguse anaona anakatazwa. Mwambie vidole vyetu vina jasho, jasho lina chumvi na mafuta, ukishika chuma leo huoni kitu ila baada ya muda alama ya kidole inaanza kushika kutu. Na kile chumba chenye giza ambacho watu wanalalamika umeme umekatika, hapana, nguo za zamani na michoro kwenye karatasi inapauka kwa mwanga na ikishapauka hairudi, kwa hiyo vitu vya aina hiyo kwa kawaida vinawekewa mwanga wa lux 50 tu hivi (lux ni kipimo cha mwanga), ni mdogo sana. Nimeona watoto wa miaka saba wakisikia hivyo wanaanza kuwazuia watu wazima kupiga flashi, wanakuwa askari wa pale.

La tatu ni maswali. Msiwaulize kitu hiki ni cha mwaka gani, jibu liko kwenye kibao na mtoto anajua unamtega. Kuna njia ilitengenezwa na Abigail Housen, mwanasaikolojia, pamoja na Philip Yenawine aliyekuwa anaongoza elimu kwenye makumbusho ya sanaa ya MoMA kule New York, inatumika sana kwenye picha lakini mimi naitumia kwa kitu chochote. Unauliza hapa kunatokea nini, umeona nini kilichokufanya useme hivyo, na tunaona nini kingine. Alafu unanyamaza, na huko kunyamaza ndo kugumu kwa sisi wazazi, tunawahi kujibu. Ukihesabu kumi kimoyomoyo mtoto anaongea.

MamaWatatu
Mungu awabariki jamani, sikutegemea. Mwl Mstaafu umenigusa mpaka nimesikia vibaya, nilimvuta kweli mtoto wa watu na alikuwa anageuka nyuma kuliangalia. Sasa nisaidieni na hawa wawili, mdogo anaogopa yale mifupa na usiku aliiota, na mkubwa anasema makumbusho ni ya watoto.

Baba_Mapacha
Mdogo wako nimepitia. Pacha wangu mmoja aliogopa simba aliyekaushwa, tukaja kugundua alikuwa anadhani ataamka. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza! Muulize wako anaogopa nini hasa, usimwambie hakuna cha kuogopa. Sisi tuliomba picha ya yule simba tukakaa nayo nyumbani wiki nzima, akaichora, siku ya kwenda tukaingia mlango wa pembeni tukaanzia kwenye hadithi za watoto, yeye mwenyewe ndo akasema twende tukamwone. Tulisimama mbali, safari iliyofuata akasogea.

Kulala usiku kwa sasa achana nako kabisa, wa 4 hatakuweza, na sehemu nyingi wanaweka umri wa chini kwa sababu hiyo.

Mwl_Mstaafu
Huyo wa 13 mpe kazi yenye maana. Mwambie achague vitu vitatu ambavyo wadogo zake wataviona, aende navyo kichwani, yeye ndo awaongoze. Na hiyo simu usimnyang'anye, mwache apige picha bila flashi. Kwa wadogo kuna zile karatasi za kutafuta vitu, wanapewa orodha wanazunguka kuvitafuta na kuweka alama, mimi zilinisaidia sana darasani.

Nyuma_ya_Kabati
Mwalimu hapo kwenye karatasi naomba tupishane kidogo kwa heshima. Nimewaangalia watoto nazo kwa miaka minne. Wanakimbia, wanaona, wanaweka alama, wanakimbia. Sekunde tatu kwa kitu. Karatasi tupu na penseli inafanya kazi zaidi kwa sababu huwezi kuchora kitu bila kukiangalia, mtoto anahesabu meno ya ufunguo ili ayachore, hapo ndo anagundua hayako sawa. (Penseli, sio kalamu ya wino, sehemu nyingi wino hauruhusiwi karibu na vitu.)

Mwl_Mstaafu
Nakubali kwa kundi dogo. Kwa watoto arobaini na mwalimu mmoja karatasi ya kutafuta inamfanya hata yule mkimya awe na cha kufanya. Ila kwa familia ya watatu umesema kweli, penseli.

Nyuma_ya_Kabati
Sawa mwalimu, arobaini sijawahi kuwa nao peke yangu, nakupa heshima yako.

MamaWatatu, kuhusu klabu ya vijana, uliza wanafanya nini. Klabu nzuri inawapa vijana kazi ya kweli, kusaidia vipindi vya wadogo, kuandika maelezo ya kitu kimoja, kurekodi sauti. Wa miaka 13 akijua anahitajika anakuja. Na kama ratiba yenu inaruhusu angalieni tarehe 18 Mei, ni Siku ya Makumbusho Duniani, ilianzishwa na baraza la kimataifa la makumbusho ICOM mwaka 1977, siku hiyo na zile zinazoizunguka makumbusho nyingi huwa zinafungua milango ya nyuma ambayo siku zingine imefungwa, mnaona mafundi wanavyokarabati vitu. Kwa wa 13 hiyo ni zaidi ya chumba chochote cha maonyesho.

MamaWatatu
MREJESHO. Samahanini nimechelewa, ni wiki tano sasa.

Nilipiga simu kitengo cha elimu kama mlivyosema. Aliyepokea nikamweleza habari ya komeo, akacheka kwa furaha kabisa akasema lina nakala yake stoo, njooni Jumamosi saa nne kabla ya kipindi. Nilimpeleka binti peke yake, wengine niliwaacha nyumbani. Tulikaa kwenye kabati lile dakika ishirini nikiwa nimenyamaza (kuhesabu kumi ni kazi!) akachora ufunguo, akasema "mama haya meno yananyanyua kitu". Yule dada wa elimu akaleta nakala, amekata upande mmoja ili ndani ionekane. Kumbe ndani kuna vijiti vinaanguka vyenyewe kwenye matundu ya komeo na kulizuia, ufunguo unaingia unavinyanyua vyote kwa pamoja ndo komeo linatoka. Akatuambia makomeo ya namna hii yalikuwepo Misri ya kale, na kwamba vitasa vingi vya milango yetu leo vinafuata wazo hilohilo, ila fundi wa vitasa Linus Yale Jr. kule Marekani miaka ya 1860 aliweka vijiti vidogo vya chuma na springi. Binti alifungua na kufunga sijui mara ngapi. Hatukuona chumba kingine chochote na tukarudi nyumbani anaongea njia nzima.

Mdogo tumempeleka kwenye hadithi mara mbili, nilipomuuliza anaogopa nini akasema tembo hana macho. Basi tukaongea kuhusu macho, kwamba macho ni laini hayabaki kama mifupa. Bado hajakubali kupita pale mlangoni, tunapita pembeni, sina haraka naye. Mkubwa hajaenda klabu ila ameniuliza siku za kujiandikisha ni lini.

Na kubwa ni hili, baba yao aliyesema harudi tena, binti amemshawishi watengeneze komeo nyumbani. Wameanza na boksi la karatasi ngumu lakini vijiti havishuki, vinakwama. Kuna mtu anajua tatizo?

Baba_Mapacha
Vyepesi hivyo. Vijiti vinatakiwa vianguke kwa uzito wake. Achaneni na karatasi ngumu, chukueni kipande cha mbao, toboeni matundu mawili tu kwa kuanzia, vijiti muweke misumari minene iliyokatwa ncha, na tundu liwe pana kidogo kuliko msumari. Baba ndo akate hizo ncha, mtoto apige msasa.

MamaWatatu
Ahsante baba mapacha, nimewasomea wote wawili, wameshatoka kwenda kutafuta mbao.