Mtoto tuliyempokea anaficha chakula chini ya godoro, nifanyeje?

MamaWawili: Habari za jioni wanajamvi. Mimi na mume wangu tumepokea mtoto wa kiume wa miaka 6 kutoka kituo cha kulelea watoto, ni malezi ya kambo (tunamlea kwetu bila kumuasili), ustawi wa jamii walikuja nyumbani wakakagua wakapitisha, tuko naye mwezi wa 4 sasa. Shida anaficha chakula, jana natandika kitanda nakuta chapati zimeota ukungu chini ya godoro na ndizi imeozea kwenye begi la shule, na hapa kwetu chakula hakikosekani jamani. Usiku anakojoa. Nikiinua tu mkono nichukue kitu kabatini anajikunyata anaziba kichwa. Mama mkwe anasema ni mwizi huyo, achapwe mapema. Roho inagoma ila nimechoka.

Kijoti88: Damu nzito kuliko maji, tukisema humu mnatuona wabaya. Mrudishe.

ShangaziTatu: Kijoti arudishwe mara ngapi huyo mtoto?? Dada pole. Mimi ni familia ya kuaminika, yaani tunaopokea watoto kwa muda kupitia ustawi wa jamii, nilipigwa semina na nimeshakaa na watoto watano kwa nyakati tofauti. Huyo haibi, anaweka akiba, mtoto aliyelala njaa tumbo halisahau hata sahani ikijaa. Mmoja wao alikuwa hivyohivyo, mi niliweka kikapu karibu na kitanda, ndizi, karanga, mkate, nikamwambia hiki chako hata usiku wa manane, kikiisha najaza. Wiki ya kwanza alikomba vyote mpk akaumwa tumbo nikajuta 😅 baadae akaanza kubakiza mwenyewe. Usimpekue wala kumsema mbele za watu. Fimbo sahau kabisa, ukimchapa anajua hata hapa ni kulekule tu. Godoro livalishe nailoni, asubuhi mbadilishe shuka pamoja bila maneno, na kabla hujainua mkono sema, "nachukua kikombe".

Ustawi_Kata: Naongezea kidogo. Hapa Tanzania malezi ya kambo yapo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, na kazi yetu haiishii siku unayokabidhiwa mtoto, kwahiyo usiogope kuja ofisini ukidhani utanyang'anywa, wengi wanakaa kimya kwa hiyo hofu mpaka mambo yanaharibika. Nenda halmashauri muulize afisa alilelewa na nani kabla ya kituo, kahamishwa mara ngapi, nani alikuwa anampiga. Wengine wanakabidhiwa mtoto na mfuko wa nguo basi, historia hawaijui. Ukizidiwa piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Na wewe pia lala dada, mwachie baba zamu ya usiku.

MamaWawili: Asanteni sana, shangazi umenitoa machozi. Jumatatu naenda halmashauri. Kikapu nimeweka jana, asubuhi nimekuta karanga zote zimehamia ndani ya viatu vya shule 🤣 nimejaza tena. Mama mkwe bado sijamwambia.

ShangaziTatu: Mwambie hizo karanga ni zako.