Mrejesho: Miche ya kabichi iliyonyauka Uyole

Ndugu zangu, mwezi Desemba niliuliza kwa nini miche ya kabichi niliyoipanda nyuma ya nyumba hapa Uyole, Mbeya, ilinyauka ndani ya wiki moja, nanyi mkanishauri nichunguze samadi kabla ya kulaumu mbegu. Mlikuwa sahihi: samadi niliyoitoa zizini ilikuwa bado mbichi, nayo iliunguza mizizi.

Safari hii niliirundika, nikaifunika kwa majani ya migomba na kuigeuza kila baada ya wiki mbili, hadi ilipofika Machi ikawa nyeusi, yenye kumeguka, isiyo na joto wala harufu kali. Hapo ndipo nilipoichanganya na udongo wa matuta, niliyoyainua ili maji ya mvua yasituame. Miche niliihamisha jioni, kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, nikaweka matandazo ya nyasi kavu. Karoti nilizisia moja kwa moja kwenye tuta lake, kwa kuwa mzizi wake hupinda ukihamishwa.

Sasa ni Juni, baridi ni kali, lakini kabichi zimefunga vizuri na tumeanza kuzivuna. Nawashukuru kwa dhati.