Bedsita 8 Kahawa West: nianzie wapi?

Hamjambo wadau. Nina akiba ya miaka 11 ya kuuza mitumba Gikomba, na sitaki ipotee. Nimepata ploti inayouzwa ya bedsita 8 (vyumba vya kupangisha, kila kimoja na choo na bafu yake), kila moja kodi 7,000 kwa mwezi. Mwenyewe anasema zote zimejaa. Niangalie nini kabla ya kulipa?

JIBU
Dada, tafuta wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji, akague hati kwenye Ardhisasa, mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi. Halafu nenda pale usiku, saa mbili hivi, uhesabu taa. Mimi kule mtaa wa Zimmerman niliambiwa vyumba 10 vina watu. Nilienda mchana, nikaona mapazia kila dirisha, nikalipa. Usiku wa kwanza taa zilikuwa nne! Nyuma ya yale mapazia hamkuwa na hata godoro. Bado inaniuma. Na panda hadi orofa ya juu kabisa, ufungue mfereji. Mpangaji huvumilia mengi, lakini kubeba mitungi ngazini kila siku atahama tu.

JIBU
Usisahau ushuru. KRA, mamlaka ya ushuru, hutoza asilimia 7.5 ya kodi yote unayokusanya, bila kutoa gharama, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa 56,000 ni 4,200.

ALIYEULIZA
Asanteni sana. Naenda Ijumaa usiku na kaka yangu. Je, nikikuta taa tano, niombe apunguze bei au niondoke?

JIBU
Ongea na wapangaji kwanza. Waulize dipositi zao anazo nani, maana wakihama watakudai wewe.