"Had" kila sentensi: nisaidieni na hadithi yangu ya Kiingereza

binti_wa_Moro:
Shikamooni wakubwa. Naandika hadithi fupi kwa Kiingereza. Rehema yuko stendi ya Msamvu usiku, anamsubiri kaka yake. Katikati nasimulia walivyogombana asubuhi kuhusu shamba la marehemu baba yao. Kwa kuwa ugomvi ulitangulia, kila kitenzi nimekipa "had": "She had entered. She had seen the papers. She had asked him..." Aya mbili nzima! Rafiki yangu anasema inachosha. Nikiziondoa, si msomaji atadhani wanagombana palepale stendi?

Mwalimu_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Kisarufi hujakosea. Tatizo ni kwamba wakati huu wa kitenzi wenye "had" (past perfect) tunaufundisha ubaoni kwa sentensi mojamoja, "The patient had died before the doctor came", na mwanafunzi anatoka darasani hajaona unavyofanya kazi ndani ya aya. Tena hapo "before" imeshataja mpangilio. Hata "died" ingetosha.

Katika hadithi, "had" inamvusha msomaji kumrudisha nyuma. Akishavuka, mwache atembee. Weka "had" kwenye sentensi ya kwanza, labda na ya pili, kisha endelea na wakati uliopita wa kawaida. Ukirudi stendi, mpe alama:

"That morning she had found the papers under his mattress. She had asked him whose signature it was. He laughed and went on polishing his shoes. She tore the top page. Now the last bus from Dodoma pulled in, and he was not on it."

Soma tena "laughed" na "tore". Bado tuko chumbani, asubuhi. "Now" na lile basi ndivyo vinavyoturudisha Msamvu.

Ila usizifyeke zote, nakusihi. "When she reached the stand, the bus left": Rehema ameliona basi likiondoka. "When she reached the stand, the bus had left": amekuta nafasi tupu. Hayo ni matukio mawili tofauti, na hapo "had" haiguswi.

kalamu_ya_Pwani:
Naunga mkono mwalimu. Kumbukumbu ikienda kurasa kadhaa, mimi huifanya sehemu yake yenyewe, naanza na "That morning" na wakati uliopita wa kawaida moja kwa moja. Na dada, kama ungekuwa unasimulia stendi kwa wakati uliopo, "Rehema waits", ugomvi wa asubuhi ungekuwa "found", "asked", bila "had" hata moja.

binti_wa_Moro:
Asanteni sana, nimeshaanza kupunguza. Mwalimu, hii je: "Their father had owned the farm for thirty years"? Iko peke yake, nje ya ule ugomvi.

Mwalimu_Mstaafu:
Iache. Tukiwa stendi usiku ule, miaka hiyo thelathini iko nyuma yetu tayari, baba hayupo na shamba lina mgogoro. "Had" hiyo inafanya kazi. Ukimaliza, weka hapa aya nzima ya ugomvi, nitaipitia sentensi kwa sentensi.