Ruta ya pili kama daraja, mawimbi yanafika hafifu

banda_uani
Wakuu, ruta kuu iko sebuleni, nyumba ya tofali za saruji. Ofisi ni banda la bati uani, kama mita 25. Humo nimeweka ruta ya TP-Link, TL-WR841N, yenye OpenWrt (programu huria ya ruta), imeunganishwa na ruta kuu bila waya kwa WDS (njia ya kufanya ruta mbili kuwa daraja), 2.4 GHz, upana wa chaneli 40 MHz. Nguvu ya mawimbi inasoma -78 dBm (ikikaribia sifuri ni bora), kelele -92. Kasi haizidi Mbps 4, tena inakatika. Ninunue antena kubwa?

FundiWaya
Usinunue kitu kwanza. Kati ya -78 na -92 una desibeli 14 tu, na daraja la kutegemewa linataka 25 au zaidi. Adui wako ni bati: halipitishi mawimbi, linayarudisha yalikotoka. Itoe ruta ndani, iweke dirishani au chini ya upenu, upande unaotazama nyumba, isilowe mvua. Kutoka hapo vuta waya wa Cat5e hadi kwenye kompyuta. Waya huo unafika mita 100 bila shida. Ya sebuleni nayo isogee dirisha la uani. Sogeza kidogo kidogo huku ukiangalia nguvu ya mawimbi kwa amri ya OpenWrt `iwinfo wlan0 assoclist`: wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa sentimita 12 hivi, kwa hiyo hata upana wa kiganja hubadilisha namba. Antena za pande zote mbili zisimame wima.

nyaya_na_mawimbi
Naongezea. Shusha upana hadi 20 MHz, kelele inapungua desibeli 3 bure. Chaneli chagua 1, 6 au 11, usiiache ijichagulie, maana ruta kuu ikihama daraja linakatika. Na kama hiyo ya banda inarushia simu Wi-Fi kwa redio ileile, zima: redio moja ikipokea na kurusha upya, kasi hubaki nusu.

Antena: za 841N nyingi hazifunguki. Hata zikifunguka, waya wa antena wa RG58 unakula karibu desibeli 1 kila mita. Ikibidi kununua, bora CPE210, kifaa cha TP-Link cha kufungwa nje chenye antena yake ndani.

banda_uani
Dirishani na 20 MHz: -66, haikatiki. Ila ukurasa wa ruta ya banda haufunguki.

FundiWaya
Ruta zote mbili zina anwani moja, 192.168.1.1, zinagongana. Chomoa umeme wa ruta kuu kwa muda, ingia kwa waya, ya banda ipe 192.168.1.2, uzime DHCP yake (kazi ya kugawa anwani kwa vifaa, iachiwe ruta kuu), kisha washa zote.