Prinsipali moja tu S.6: aende diploma, HEC au arudie?

Dada wa Namakwekwe (Mbale)
Habari zenu ndugu zangu. Matokeo ya mdogo wangu ya UACE, mtihani wa mwisho wa S.6 hapa Uganda, ni prinsipali moja (ufaulu kamili wa somo) ya hesabu, E, na sabsidiari mbili (ufaulu wa ngazi ya chini). Chuo kikuu moja kwa moja wanataka prinsipali mbili, kwa hiyo huko hapiti. Ana miaka 19 na moyo wake uko kwenye uhandisi wa umeme. Baba anasema arudie S.6, mama anasema diploma, jirani ametuambia kuna HEC, cheti cha elimu ya juu cha mwaka mmoja. Nyumbani hatulali. Ipi inafaa?

Fundi Umeme (Kampala)
Pole dada, lakini usikate tamaa, mimi nilipita hapo hapo. Mpeleke diploma. Masharti yake ni prinsipali moja na sabsidiari mbili, na hizo anazo. Tena ninyi mko Mbale, Uganda Technical College Elgon iko mlangoni kwenu! Ni miaka miwili. Enzi zangu mtihani ulikuwa wa UBTEB, bodi ya mitihani ya ufundi, na kabla sijamaliza nilikuwa tayari naitwa kufunga nyaya kwenye nyumba za watu, hela ya sabuni haikunisumbua. Baadaye niliomba digrii kama mwenye diploma, na kilichopimwa ni alama za diploma.

Karani wa Nakawa
Fundi amesema kweli, ila HEC msiidharau. Ni mwaka mmoja, anasoma masomo ya sayansi aliyokuwa dhaifu, kisha anaomba digrii. Akiwa na ada ya uhakika, ndiyo njia fupi. Tatizo ni pesa zikikatika katikati: cheti cha HEC peke yake hakimpi kazi. Na kabla ya kulipa shilingi yoyote, angalieni kwa NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, kama kozi hiyo imeidhinishwa, kisha mkaulize chuo anachokitaka kama wanaipokea HEC hiyo. Mnakumbuka 2023 jinsi watu walivyohangaika kozi zao zilipoonekana zimeisha muda wa idhini kwenye orodha ya NCHE.

Mwalimu wa Arua
Nafundisha S.6, naomba niseme juu ya kurudia. Wazazi wengi hudhani mtoto ataongeza prinsipali moja tu juu ya ile aliyonayo. Sivyo. Hizo prinsipali mbili ziwe za kikao kimoja cha mtihani, yaani anaanza upya, na hesabu yenyewe anaweza kuipoteza. Namshauri mtoto arudie pale sababu ya kuanguka inapojulikana na imeondoka: aliugua, au alifukuzwa ada muhula mzima. Au kama anataka udaktari kabisa kabisa. Kama alisoma vizuri, akahudhuria, na bado fizikia ikamshinda, mwaka mwingine kwenye dawati lile lile ni kumtesa.

Mwana wa Busia
Kuna pia mtihani wa watu wazima wa kuingilia chuo kikuu, Makerere wanao. Lakini lazima awe na miaka 25, kwa hiyo kwa huyu bado.

Dada wa Namakwekwe
Asanteni sana. Mwalimu, hakuugua, na ada tulilipa yote. Fizikia ndiyo ilimshinda. Baba anauliza habari ya muda: akirudia ni mwaka mmoja na digrii minne, jumla mitano. Diploma si inakuwa sita?

Fundi Umeme
Ndiyo, sita. Mwambie mzee kwamba mitano ni kama hataanguka tena. Na baada ya miwili ya kwanza huku kijana ana karatasi ya kazi mkononi, hata digrii ikichelewa anakula. Baadhi ya vyuo humpunguzia mwenye diploma masomo aliyokwisha kuyasoma, ulizeni mapema. Lakini asizembee! Vyuo vikuu vinataka diploma ya daraja la pili kwenda juu, na iwe ya fani ile ile. Diploma ya biashara haitamfikisha kwenye umeme.

Mwalimu wa Arua
Na vyeti vya UCE, mtihani wa S.4, avitunze. Wataviomba tena, angalau masomo matano aliyofaulu.

Dada wa Namakwekwe
Baba ameanza kulainika. Jumatatu naenda naye Elgon kuuliza. Ada ndiyo imebaki kutusumbua.

Karani wa Nakawa
Fuatilieni HESFB, bodi ya mikopo. Haikopeshi wa digrii peke yao, na wa diploma za sayansi na ufundi wamo. Maombi yana msimu wake, kwa hiyo mkitoka Elgon Jumatatu mpitie tangazo lao siku hiyo hiyo.